Sura ya Sita: Mikono Kwanza, Sanduku Baadaye

Sidab ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya milima mikavu na ghuba ndogo, kusini-mashariki ya mji wa kale wa Maskati. Kiutawala kimo ndani ya wilaya ya Maskati, pamoja na Al Bustan, Qantab, Yiti na As Sifah. Anayeifuata barabara kuelekea kusini hupita gati la boti za starehe la Bandar Al Rowdha, kisha hufika Al Bustan, ambako hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 1985 imesimama pahala palipokuwa na kijiji kingine cha wavuvi, na wenyeji wake wakahamishwa. Sidab imebaki pale pale, na mashua zake, nyavu zake na vijana wake ambao jina la klabu yao, Ahli-Sidab, husikika zaidi katika mpira wa mikono na mpira wa magongo kuliko katika kandanda. Klabu za Omani si timu tu. Zinatarajiwa kufanya kazi za michezo, za utamaduni na za kijamii kwa pamoja, na chini yake huwepo timu za mitaa, zile wenyewe wanazoziita firaq ahliya, ambazo wachezaji wake ndio hao hao wanaoonekana wakibeba viti siku ya harusi, wakisimama mlangoni siku ya msiba na wakivuta magari yaliyozama siku wadi, yaani bonde la mto wa msimu, linapofurika.

Hoja ninayoijenga katika sura hii ni kwamba klabu ya namna hiyo ina mali moja isiyonunulika, nayo ni kuwajua watu wake na kuwa na mikono karibu nao. Ikiitanguliza mali hiyo, hufanya kazi ambayo serikali haiwezi kuifanya na jumuiya kubwa ya hisani haiwezi pia. Ikianza na sanduku la mchango, hugeuka kuwa jumuiya ndogo ya hisani, dhaifu, inayogombea wafadhili wale wale na zenzake zilizo kubwa. Fedha itahitajika, sikatai. Ila iingie nyuma ya kazi, na ama itokane na kazi yenyewe, ama ipite katika mkono wenye kibali. Najua kuna watakaoona hili linakwenda kinyume na mazoea yetu watu wa pwani, ambao jambo lolote tunalianza kwa kuulizana nani ana nini mfukoni. Hoja zao zina uzito, na sehemu kubwa ya sura hii ni kujibizana nao.

Tuanze na huko kuwajua watu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, uvuvi wa nguru hupigwa marufuku Omani ili samaki huyo apate kuzaliana. Ni marufuku ya busara. Lakini miezi hiyo miwili inagongana na kufunguliwa kwa skuli, wakati sare, mabegi na viatu vinaposubiri kununuliwa. Mvuvi huhamia samaki wengine, na wengi hufanya hivyo bila ya kulalamika. Hata hivyo nguru ndiye mwenye bei, na nyumba iliyozoea kuishi kwa bei yake huliona pengo. Hakuna fomu ya ofisi yoyote yenye nafasi ya kuandika kwamba nyumba fulani inangoja nguru. Jirani ndiye anayejua, na klabu ni majirani waliojipanga. Kuna pia misiba isiyokuja kwa kalenda. Mwishoni mwa mwaka 2008 na kuingia 2009, bahari ya pwani ya kaskazini ya Omani iligeuka rangi kwa mwani wenye sumu, samaki wakafa kwa wingi na matumbawe yakaharibika. Pigo lile halikusubiri Ramadhani, wakati ambapo zaka na sadaka hutoka kwa wingi. Anayepanga hisani yake yote kwa mwezi mmoja wa mwaka anapangia pia mwezi wa njaa ya jirani yake, na bahari haifuati mpango huo.

Hapa mpinzani wa kwanza ananyanyua mkono. Anauliza: Omani ya leo ina hifadhi ya jamii, sasa klabu ya nini? Ni swali zito, na miaka michache nyuma lisingekuwa na nguvu liliyo nayo sasa. Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 52 ya mwaka 2023, imeleta malipo ambayo nchi nyingi za kwetu Afrika Mashariki bado zinayaota: riali 115 kwa mwezi kwa raia aliyefikisha miaka 60, riali 10 kwa mwezi kwa kila mtoto, na posho ya mwenye ulemavu. Mzee wa Sidab anayepokea riali 115 hahitaji kibaba cha mchele kutoka kwa vijana wa mpira wa magongo. Anachohitaji mara nyingi ni kijana wa kukaa naye saa moja, kuhakikisha kitambulisho hakijapitwa na wakati, akaunti ya benki iko sawa, na jina lililoandikwa ofisini ndilo lile lililo kwenye kadi. Fedha ya serikali hupita katika mifereji ya kompyuta na simu, na bibi asiyejua kusoma husimama nje ya mifereji hiyo hata kama haki yake imeandikwa kwa jina lake. Kazi ya kumvusha haigharimu hata baisa moja. Halafu wapo ambao sheria hiyo haikuwakusudia katika malipo haya: vibarua kutoka Bangladesh, India na Pakistan wanaoishi Maskati kwa maelfu. Klabu inayojiita ya mtaa itabidi iamue kama mtaa ni orodha ya raia au ni watu wanaokaa humo. Mimi nasema ni watu wanaokaa humo, na sioni njia nyingine ya kulisoma fundisho la haki ya jirani.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka katika tufani. Kimbunga Gonu kiliipiga Omani mwanzoni mwa Juni 2007, kikaua watu wapatao 50 na kuacha hasara iliyokadiriwa kufikia dola bilioni nne za Kimarekani. Barabara za Maskati zilikatika, mabonde yaliyokuwa makavu kwa miaka yakabeba magari, na maji ya kunywa yakawa shida katika sehemu kubwa ya jiji kwa siku kadhaa. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 3 Oktoba 2021, kimbunga Shaheen kikaingia nchi kavu kwenye pwani ya Batina, na Suwaiq na Al Khaburah zikazama kwenye matope. Mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja katika siku zile, na tofauti yake ndiyo kiini cha hoja yangu. Serikali ilitangaza mfuko wa taifa wa dharura ulioanza na riali milioni 200. Na watu kutoka kila mkoa, Maskati wakiwemo, walipanda magari na mabasi kwenda Batina wakiwa na mabeleshi, ndoo, fagio, mipira ya kusukumia maji na pampu, wakaingia nyumba za watu wasiowajua na kutoa matope chumba kwa chumba. Hakuna klabu ya mtaa ambayo ingeweza kukusanya hata sehemu ndogo ya ile milioni 200. Na hakuna wizara ambayo ingeweza kupeleka watu wengi kiasi kile, kwa haraka ile, kwenda kukausha magodoro ya wanakijiji. Kila upande ulifanya lililo lake. Klabu ambayo siku ile ingebaki Maskati ikipitisha sanduku, ingekuwa imechagua kazi ambayo wengine waliifanya vizuri zaidi na kuiacha ile ambayo ni yenyewe tu ingeifanya.

Pwani ya Zanzibar ina mfano wake, wenye majonzi zaidi. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kaskazini ya Unguja, wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kwenda kuokoa watu. Michango ilikuja baadaye, na ilistahiki kuja. Lakini waliopona walipona kwa sababu kulikuwa na watu wenye mashua, wanaoijua mikondo ya bahari ile, na wasiohitaji kikao ili waamue. Kijiji cha wavuvi kina akiba hii popote kilipo, na Sidab haina haja ya kuikopa.

Akiba hiyo hiyo ina kazi hata siku bahari imetulia. Nyavu zilizokatika na kuachwa chini ya maji huendelea kuvua bila ya mwenyewe: hunasa samaki, kasa na matumbawe, na hakuna anayefaidika. Jumuiya ya Mazingira ya Omani, iliyoanzishwa mwaka 2004, imefanya kazi ya kuzitoa nyavu hizo, na wapiga mbizi wa kujitolea hushuka mara kwa mara kwenye maji ya wilaya ya Maskati, hasa upande wa Bandar Khayran. Mpiga mbizi ana mtungi na miwani. Anayejua wavu ulinasa wapi msimu uliopita ni mvuvi aliyeupoteza. Ukiwakutanisha wawili hao kwa asubuhi moja, unapata kazi ambayo fedha peke yake isingeinunua, kwa sababu mvuvi hatamwambia mgeni mwenye daftari pahala alipoacha mali yake. Atamwambia mtoto wa jirani. Hapa lakini niwe mkali kidogo kwa upande wangu mwenyewe. Ile desturi ya kufagia ufukwe mara moja kwa mwaka, fulana mpya, glavu nyeupe na picha ya pamoja mbele ya mifuko ya taka, haimo katika ninayoyasifu. Kuzoa taka ni wajibu wa manispaa na wa kampuni zinazolipwa kwa kazi hiyo, na anayejitolea kufanya kazi ambayo mtu mwingine analipwa kuifanya anampa msaada mwajiri, si mtaa. Kipimo ni rahisi: je, kazi hii ingefanyika bila ya sisi? Kama ingefanyika, twendeni kwengine.

Sasa fedha. Mpinzani wa pili, na huyu ndiye wa kwetu hasa, anasema kwamba sheria za Omani zinaubana moyo wa kutoa. Ni kweli kwamba zinabana. Sheria ya Jumuiya za Kiraia, Amri ya Kifalme namba 14 ya mwaka 2000, inataka idhini ya wizara kabla jumuiya haijakusanya fedha kwa umma, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2018 inaweka kifungo na faini kwa anayekusanya bila ya kibali. Njia za halali zipo: Shirika la Hisani la Omani, lililoanzishwa mwaka 1996, jumuiya zilizosajiliwa kama Dar Al Atta'a na Al Rahma, kamati za zaka, na timu za hisani zilizo chini ya kamati za maendeleo ya jamii ambazo wali wa wilaya ndiye mwenyekiti wake. Kijana wa Sidab anayefungua kundi la WhatsApp na kuandika namba ya akaunti yake kwa ajili ya mgonjwa fulani amevunja sheria, hata kama kila riali ilimfikia mgonjwa. Mtu aliyekulia kwenye harambee, kwenye bakuli la mchango linalozunguka ukumbini na daftari la arusi, lazima ataona hili ni ukavu. Atakukumbusha msemo wa wahenga kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa. Lakini wahenga walimsemea mtoaji; kuhusu mkusanyaji hawakutuambia kitu, na matatizo yetu yote ya michango yanaanzia kwa mkusanyaji.

Tazama Kenya, ambako mchango ulipewa heshima ya juu kuliko popote. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa, na wananchi kwa kweli walijenga: mamia ya skuli, zahanati na miradi ya maji yalisimama kwa mchango wa vijiji. Kisha wanasiasa wakagundua kwamba jukwaa la harambee ni jukwaa la kampeni. Mchango mkubwa ukatangazwa kwa kipaza sauti, mdogo ukadharauliwa, machifu wakachanga kwa niaba ya watu bila ya kuwauliza, na mtumishi wa umma akawa anachangisha kwa watu ambao mafaili yao yako mezani kwake. Mwaka 2003 Bunge likapitisha Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, ikawawekea mipaka watumishi katika harambee, na mjadala wa kuzidhibiti haujesha hadi leo. Kwa hiyo Kenya ilifika kwenye udhibiti baada ya miaka arubaini ya uhuru wa kuchangisha, na Omani ilianza nao. Sisemi kwamba kila kipengele cha sheria ya Omani ni kizuri. Kibali kinachochelewa ni mzigo kwa mtaa mdogo, na jumuiya changa huchoka kabla haijazaliwa. Nasema tu kwamba kizuizi kile kinaisukuma klabu kwenye lile ambalo ingepaswa kulifanya hata kama kizuizi kisingekuwepo.

Na hapo Sidab yenyewe ina somo zuri kuliko yote niliyoyataja. Kijiji hiki kinajulikana, hata na watalii wasiojua kandanda wala magongo, kwa kikundi chake cha wanawake washonaji, ambao hutengeneza mikoba, vipochi na vitu vidogo vya nyumbani kwa vitambaa vya Kiomani na kuviuza. Mnunuzi analipia mkoba. Halipii huruma, haombwi kumtazama mshonaji kwa jicho la kumsikitikia, na mshonaji hana sababu ya kumshukuru zaidi ya vile muuza samaki anavyomshukuru mteja. Fedha inayoingia namna hii haina haja ya hotuba. Ina nidhamu yake ndani yake, kwa sababu mshono mbaya haununuliwi mara ya pili, wakati sababu mbaya ya kuchangisha inaweza kuchangiwa miaka kumi. Mtu atasema huo ni mradi wa biashara, hauhusiani na hisani. Namjibu kwamba babu zetu hawakuwa na mpaka huo. Wakfu ni nini kama si mali inayofanya kazi ili mtu asiombe? Omani mitende na sehemu za maji ya falaji, yaani mifereji ya jadi, zimewekwa wakfu kwa vizazi, mazao yake yakafuturisha watu misikitini. Zanzibar minazi, mashamba na maduka ya Mji Mkongwe yaliwekwa wakfu kwa misikiti na kwa masikini, kiasi kwamba Kamisheni ya Wakfu iliundwa tangu mwaka 1905. Mchango unaoombwa kila mwaka huisha kila mwaka. Klabu yenye cherehani nne zinazofanya kazi, au chumba kimoja kinacholeta kodi kwa idhini ya wakubwa wake, imeshajitoa katika msimu wa kuomba.

Kuna suala la aibu, na ninaliona ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Sanduku la mchango linahitaji hadithi. Ili watu watoe, lazima waonyeshwe mtu: mtoto kitandani, nyumba yenye paa lililoanguka, mjane na kibaba chake cha unga, na siku hizi picha yake ibaki kwenye simu za watu elfu. Katika jiji kubwa mtu huyo anaweza kupotea. Sidab, ambako kila mlango unajulikana ni wa nani, hapotei. Watoto wake watakwenda skuli na watoto wa waliochanga. Sura ya al-Baqara, katika aya ya 271, inakubali sadaka ya hadharani na inaipa ubora ile inayofichwa ikifika kwa masikini, na nadhani wengi wetu tumeufuata mlango wa kwanza kwa sababu ni mwepesi. Lakini siri nayo ina hatari: gizani ndiko fedha za watu zinakopotelea. Njia ya kutoka imeshaonyeshwa Omani penyewe na Jumuiya ya Wanasheria, ambayo tangu mwaka 2012 inaendesha mpango wa Fak Kurba wa kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni. Umma hupewa idadi ya waliotoka na mikoa yao. Majina hayatangazwi. Hesabu iko wazi na uso umefichwa, na watu wameendelea kutoa mwaka baada ya mwaka bila ya kuonyeshwa machozi ya mtu. Klabu zetu nyingi, Maskati na Mombasa na Dar es Salaam, zinafanya kinyume kabisa: uso wa mpokeaji uko ukutani, na daftari la mweka hazina hakuna aliyeliona.

Limebaki pingamizi moja ambalo sitalimaliza. Mikono nayo inachoka, na si ya kila mtu iko huru. Anayefanya kazi zamu mbili hawezi kutoa Ijumaa yake. Mama mwenye watoto watano hana saa ya kukaa na mzee wa jirani. Na ukisema mikono kwanza, unaweza ukajikuta unawabebesha wale wale wasio na uwezo wa kukataa, vijana wasio na ajira na wanawake. Hili ni kweli, na ndiyo sababu fedha haiwezi kufukuzwa moja kwa moja. Aliye na fedha na hana wakati atoe fedha, kupitia njia iliyo halali. Ila klabu isimruhusu kununua kwa fedha hiyo nafasi ya kuamua nani mtaani anastahiki. Nafasi hiyo ni ya wanaobisha hodi.

Basi kamati ya klabu itakayosoma sura hii kabla ya tarehe 15 Agosti, na ikae sablani, yaani kwenye baraza la mtaa, jioni moja, bila ya sanduku, iandike katika daftari lisilotoka nje ya kamati: nyumba zipi zitaingia miezi ya nguru zikiwa na watoto wa skuli, wazee gani bado hawajapokea haki yao, nani ana mashua na nani ana pampu, na nani anazungumza Kibangali vya kutosha kuwauliza vibarua wa ghubani wanahitaji nini. Fedha itakayoonekana kukosekana baada ya hapo, wamwandikie wali kuiombea kibali, na kiasi chake wakitaje kwa riali na baisa.